Dirisha la upepo si dirisha la kiyoyozi

Desemba iliyopita shangazi yangu alitoka Mikindani akaja kulala kwangu Chikongola, hapa Mtwara. Kiyoyozi nilikuwa nimekifunga chumbani wiki tatu tu, na kusema kweli nilitaka akione. Hakukisifu. Alitia kaa la moto kwenye chetezo, akadondosha udi, akakiweka chini mbele ya mlango uliofungwa, kisha akakaa kitandani kutazama. Moshi haukupanda. Ulijikunja, ukalala sakafuni, ukanyooka kama uzi na kupita chini ya mlango kwenda ukumbini. Akanyanyua chetezo, akapanda stuli na kukifikisha usawa wa yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Hapo moshi ulisukumwa nyuma, kuelekea ndani.

"Mwanangu," akasema, "unapoza ukumbi kwa hela yako."

Kilichotokea ni hiki. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, kwa hiyo hutuama chini na kutafuta pa kutokea, kama maji. Ikishatoka chini ya mlango, nafasi yake haibaki tupu: hewa ya moto ya nje huvutwa kupitia matundu ya juu. Mlango wangu una upana wa sentimita 90, na fundi aliacha mwanya wa sentimita moja chini ili usikwaruze vigae. Sentimita moja haionekani kama kitu. Lakini piga hesabu: ni sentimita 90 za mraba, sawa na kutoboa ukuta tundu la karibu sentimita tisa na nusu kwa tisa na nusu, upana wa kiganja. Nani angetoboa ukuta hivyo na bado awashe kiyoyozi?

Ungedhani sasa nitasema ziba kila kitu. Wengi husema hivyo, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana nyumba ya shangazi mwenyewe ina madirisha yanayobaki wazi asubuhi hadi usiku, haina kiyoyozi, na saa nane mchana huko ndani ni afadhali kuliko sebuleni kwangu. Nyumba inayopozwa kwa upepo inataka matundu mengi, makubwa, yanayotazamana. Nyumba inayopozwa kwa mashine inataka isiwe na tundu hata moja. Nyumba nyingi mpya za Mtwara na Lindi hazikujengwa kwa ajili ya huyu wala yule. Madirisha yake yanafunguka nusu, hayafungi sawasawa, na yameelekea jua. Kwa hiyo kabla ya kununua kioo, pazia au mpira wa kuzibia, amua kwanza chumba kwa chumba: hiki ni cha upepo, kile ni cha mashine. Kwa wengi wetu jibu la busara ni chumba kimoja cha mashine, usiku tu, na nyumba nzima iliyobaki iwe ya upepo.

Sababu ni Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Feni ya dari hula wati 70 hivi. Usiku mmoja wa saa nane haumalizi hata uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Ni nusu na ushei. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu uniti moja kwa saa kompresa yake isipopumzika, na katika chumba kinachovuja haipumziki. Saa nane, uniti nane. Wateja wa majumbani walio kwenye kundi la matumizi madogo, ambako uniti ni ya bei nafuu, wana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kwa mwendo huo zinakwisha siku ya kumi, halafu kila uniti inayozidi, hata ya kuchemshia chai, inapanda bei. Gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme tunayo mlangoni, lakini mita haijui hilo.

Sasa, joto linaingiaje dirishani? Kwa njia tatu, na hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ni jua lenyewe kupita kwenye kioo. Ya pili ni joto la hewa ya nje kupenya kioo na fremu. Ya tatu ni hewa yenyewe kuingia kwenye mianya. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linalotazama magharibi, saa kumi jioni, anga likiwa jeupe. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 80 ya nishati ya jua, kwa hiyo wati 700 hivi zinaingia chumbani kupitia dirisha hilo moja. Ni karibu sawa na kuacha pasi ya wati 1,000 ikiwaka dakika 40 katika kila saa. Njia ya pili, kwenye dirisha hilohilo, nje kukiwa na nyuzi 31 na ndani 24, inaleta wati 60 tu.

Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi, na ndiyo inayofanya ushauri mwingi wa mtandaoni usitufae. Kule Ulaya, nje barafu na ndani nyuzi 20, njia ya pili ndiyo adui, kwa hiyo wanaweka vioo viwili vyenye nafasi katikati. Wana haki. Hapa kwetu ukiuziwa vioo viwili umeuziwa koti la baridi: utaokoa sehemu ya zile wati 60 huku wati 700 zikiendelea kupita. Adui wetu ni jua, na jua halizuiwi na unene wa kioo. Linazuiwa na kivuli.

Kivuli nacho kina mahali pake. Pazia zito la ndani husaidia kidogo, lakini jua likishavuka kioo na kulipiga pazia, joto limeshaingia nyumbani. Pazia linakuwa la moto na kukipasha chumba polepole. Kizuizi hichohicho kikikaa nje ya kioo, joto hubaki uani. Vioo vya giza ambavyo mafundi wanavipenda sana, vya kahawia na vya buluu, hupunguza, sikatai, lakini nusu na zaidi ya joto bado hupita, na kioo chenyewe kinapata moto hadi ukikigusa unatoa mkono. Halafu unawasha taa mchana.

Kivuli hicho kikae upande gani? Hapa wengi hukosea, hata baadhi ya wajenzi. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua hutupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na 20 Februari. Kati ya Oktoba na Februari jua la mchana liko upande wetu wa kusini. Miezi minane iliyobaki liko kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unaopigwa kwa muda mrefu zaidi wa mwaka, na jua la Juni huja limeinama, nyuzi 56 tu kutoka upeo wa macho saa sita mchana. Dirisha la kimo cha mita 1.2 upande huo linahitaji upenu wa sentimita 80 ulioanzia juu yake moja kwa moja ili liwe lote kivulini saa sita mchana. Upande wa kusini, jua la Desemba liko juu sana, na upenu wa sentimita 30 unatosha. Mashariki na magharibi upenu haufui dafu, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni hupita chini yake. Huko kinachofaa ni kitu kilichosimama wima: mwarobaini, mwembe, kibaraza chenye makuti yaliyoning'inizwa, au shata la mbao. Na kama bado hujajenga, kisichofaa kabisa huko ni dirisha kubwa.

Katika mambo yote haya kuna bahati moja ambayo pwani yetu imepewa bure. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba kutoka upande wa kusini, miezi ambayo jua liko kaskazini. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, na sehemu kubwa ya miezi hiyo jua liko kusini. Jua na upepo wanapishana. Karibu mwaka mzima upepo unakuja kutoka upande wenye kivuli. Nyumba yenye kuta ndefu kaskazini na kusini, na madirisha pande zote mbili, hufungua dirisha la upepo bila kulikaribisha jua. Nyumba iliyogeuzwa ili kuta ndefu zitazame mashariki na magharibi, mara nyingi kwa sababu barabara iko upande huo, inapoteza vyote viwili.

Upepo hauingii pasipo na njia ya kutokea. Chumba chenye madirisha mawili makubwa kwenye ukuta mmoja na mlango uliofungwa ni kama chupa: upepo unapiga mdomo, hauingii. Dirisha dogo upande wa pili, au mlango ulioachwa wazi kwa kabari, hufanya kazi kuliko kuongeza dirisha la tatu ukuta uleule.

Na hapa niseme langu kuhusu madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi. Yamejaa Shangani, yamejaa Ligula, na mimi ninayo. Yanapendeza. Lakini dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu, daima nusu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Umelipia mita moja na nusu ya dirisha, umepata robo tatu ya mita ya upepo. Weka wavu wa mbu, ambao huku hatuwezi kuutoa kwa jinsi malaria ilivyo, na kinachobaki ni kidogo zaidi. Nilimuuliza fundi mmoja kwa nini hashauri watu kuweka ya bawaba, yanayofunguka yote. Akacheka.

"Bosi, ya bawaba yanagonga grili."

Ni kweli, kama grili iko nje. Ikiletwa ndani pamoja na wavu, dirisha linafunguka kwenda nje bila shida, na likifungwa linabana raba pande zote nne, jambo ambalo la kuslaidi haliwezi, kwa sababu linateleza juu ya brashi. Dirisha la bawaba linafunguka zaidi na linafunga zaidi. Ni nadra kitu kimoja kushinda pande zote mbili, na sielewi kwa nini tuliliacha. Luva za vioo za zamani, zile za nyumba za serikali, zilikuwa na sifa ya kufunguka karibu zote lakini hazizibi kamwe. Kwa chumba cha upepo usikubali kudanganywa uzing'oe. Kwa chumba cha kiyoyozi hazifai.

Wazee walijua. Milango ya kuchongwa ya Mikindani ina mbao mbili, na katikati kuna mfaa, mti wa wima uliopigiliwa kwenye ubao mmoja. Watalii hupiga picha nakshi zake. Kazi yake nyingine haionekani kwenye picha: ubao wa pili ukifungwa, mfaa hufunika mwanya uliobaki kati ya mbao mbili, usipite upepo wala jicho la mpita njia. Ni kizibo cha mwanya, kilichochongwa maua. Madirisha ya nyumba hizohizo yana mbao nyembamba zilizolazwa mshazari, hivyo upepo unapita, jua halipiti, na mvua inateremkia nje. Kuta za mawe na chokaa ni nene kiasi cha kufanya dirisha lenyewe liwe kwenye kivuli cha ukuta.

Tuje kwenye matunzo, ambayo ni kazi ya mkono zaidi kuliko ya fedha. Kinachoua dirisha la aluminiamu huku ni chumvi. Nyumba iliyo karibu na bahari ikikaa miezi miwili bila kuoshwa, fremu huota vijidoa vyeupe, kisha vishimo. Dawa ni maji yasiyo na chumvi na sabuni ya kawaida, suuza vizuri. Usitumie sabuni ya unga kali wala steelwire. Skurubu za chuma cha kawaida ni kosa jingine: chuma na aluminiamu vikigusana mbele ya maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Dai skurubu za stenlesi tangu mwanzo, hata kama fundi atakuna kichwa.

Reli ya chini ndiyo inayosahaulika. Vumbi na mchanga hujaa, rola zinakwama, unavuta kwa nguvu, dirisha linakaa mshazari na mwanya unabaki juu upande mmoja. Fagia kwa brashi ya meno, kisha paka nta ya mshumaa. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, maana hukamata mchanga na baada ya mwezi umetengeneza msasa. Ukiwa hapo tafuta vile vitundu vidogo upande wa nje wa reli. Vimewekwa ili maji ya mvua yatoke. Watu huviziba kwa silikoni wakidhani ni mwanya, na masika ikija maji yanafurika ndani ukutani. Hivyo pekee ndivyo usivyozibe. Zile brashi za manyoya zilizo pembeni mwa kioo nazo hulala na kuchakaa. Duka la aluminiamu linaziuza kwa mita, na kuzibadilisha ni kazi ya nusu saa. Nyavu zioshwe pia. Wavu uliojaa vumbi ni ukuta mwembamba.

Mlango wa mbao una kalenda yake. Mninga au mbao yoyote hunywa unyevu masika, ikavimba kwa upana. Machi mlango unakwama, unaita fundi, fundi anapiga randa. Agosti mbao imekauka na kusinyaa, na pale palipokwama pamekuwa na mwanya wa kupitisha panya. Kama waweza, vumilia: paka mshumaa pembeni mwa mlango, subiri kiangazi, ndipo uamue kama kweli unahitaji randa. Halafu shusha mlango upake vanishi pande zote sita. Pande zote, nasema, kwa sababu mafundi hupaka zile nne zinazoonekana na kuacha ukingo wa juu na wa chini, na ukingo wa chini ndiko mbao inakokunywa maji kila siku sakafu inapopigwa deki.

Sasa chumba cha kiyoyozi. Kwanza mzuie adui mkubwa: kivuli nje ya dirisha kuanzia asubuhi, si jioni unapowasha mashine. Kabla ya kuwasha, fungua madirisha dakika 20 utoe hewa iliyopikwa mchana, kisha funga. Chini ya mlango, kata ukanda kutoka kwenye tyubu ya tairi la gari, upana wa vidole vitatu, uupigilie upande wa ndani kwa misumari yenye vichwa vipana ili uguse sakafu kidogo tu. Hakuna mpira wa dukani ulionidumu kama huo. Miimo ya mlango ibandikwe kanda ya sponji pale mlango unapokutana na fremu. Pale fremu ya dirisha inapokutana na plasta, piga silikoni. Matundu ya hewa ya juu yazibwe kwa ubao unaoweza kutolewa, kwa sababu siku umeme ukikatika utayataka.

Faida ya kuziba si baridi peke yake. Hewa ya Desemba ya hapa, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, ina kama gramu 24 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ndani, ikishapozwa vizuri, hubaki kama gramu 12. Chumba cha mita za ujazo 34 kikibadilisha hewa mara moja tu kwa saa kupitia mianya, kiyoyozi kinalazimika kukamua gramu 400 za maji kila saa, na kila lita inakula kama theluthi mbili za kilowati-saa ya nguvu yake ya kupoza. Ukitaka kuona kwa macho, kinga ndoo chini ya kile kibomba kinachodondosha maji nje. Mimi nilikinga kabla na baada. Baada ya kuziba, maji ya usiku yalipungua hadi chini ya nusu.

Mambo mawili kwa haraka. Nyumba ya bati lisilo na dari, jua la paani linashinda la madirisha yote, kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye dari. Na kwa ndugu wa Newala, juu kule kwenye uwanda, ambako Juni na Julai usiku una baridi ya kweli, kuziba mianya kunafaa bila mashine yoyote. Ila jiko la mkaa lisiingie kamwe katika chumba kilichozibwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Mpangaji naye asiseme nyumba si yake. Ukanda wa tyubu hung'olewa na kuhama naye, na makuti ya kivuli pia.

Shangazi alirudi Februari. Nilikuwa nimemaliza kazi yote na nilimpa chetezo mwenyewe, nimesimama kama mtahiniwa. Chini ya mlango moshi ulipanda wima. Dirishani ukapanda wima. Akazunguka chumba kizima polepole, mpaka alipofika chini ya kiyoyozi, na pale moshi ukapinda. Akainua mkono akagusa nyuma ya lile plastiki la mabomba. Fundi aliyefunga mashine alikuwa ametoboa tundu la kupitisha ngumi, akapitisha bomba nyembamba, na hakujaza kitu.

"Una saruji?" akauliza.